Kasoro ya Mfarishi Mweupe

Sokoni walimwita Mama Punguza, na hawakumwonea. Neno hilo lilimtoka mdomoni kabla ya salamu. Ukimtajia bei ya kitunguu, punguza, ukimtajia saa ya basi kuondoka, punguza, na fundi cherehani wa kibanda cha jirani aliapa kwamba alimsikia kwa masikio yake akimwambia daktari aliyemwandikia vidonge, "Hivi vyote, daktari? Mwisho wako vingapi?"

Biashara yake ilikuwa vipande. Viwanda vya nguo vikishakata mashati na magauni, sakafuni hubaki pembe, ncha na vitambaa vyembamba kama ulimi wa mbuzi. Vyote husombwa vikatiwa magunia, na magunia huuzwa yakiwa yamefungwa, utajijua mwenyewe na bahati yako. Mtu mwenye haya haiwezi kazi hiyo. Mama Punguza alifungua shingo ya gunia kidogo tu, akazamisha mkono hadi kwapani, akapapasa chini kabisa, kwa sababu juu ya gunia kila mwenye gunia huweka kizuri. Akichomoa kipande hakukitazama uso. Alikigeuza. Alikivuta kwa mshazari, akakinusa, akachomoa uzi mmoja akauwashia kiberiti: pamba huwaka kama karatasi ikaacha jivu laini, nailoni hujikunja ikawa punje ngumu. Hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza, yaani kuponda. Kitambaa kiwe kizuri namna gani, wakati wa kununua kilikuwa kimepauka, kimelegea, kimekatwa na mtu aliyelewa. Aliponda hadi mwenye gunia akaanza kuionea aibu mali yake. Kikishafika kibandani kwake, kitambaa kilekile kilipona ghafla.

Aliishi na wifi yake, dada wa marehemu mumewe, katika nyumba ya vyumba viwili na kibaraza kinachotazama ukuta wa jirani. Waliitana wifi wote wawili, kwa upole wakiwa wamepatana na kwa ukali wasipopatana, na mtu wa nje ilimbidi asikilize sauti ili ajue leo kuna hali gani. Wifi huyo alikuwa mshonaji wa mapazia na mashuka ya hoteli, mwanamke mrefu, mkimya, mwenye vidole visivyojua kutulia. Nyumbani alikuwa na kazi yake mwenyewe, mfarishi: juu viraka, chini bitana, katikati pamba, na vyote vitatu vimeshonwa pamoja kwa sindano ya mkono, bandi ndogondogo kama nyayo za sisimizi, ili pamba isitembee. Viraka vilitoka kwenye nguo za nyumbani zilizokwisha kazi. Vingine, vile vyenye rangi ya kupendeza zaidi, vilitoka kwenye magunia ya Mama Punguza, bila ruhusa.

Mfarishi ulibakiza pindo la upande mmoja tu, presha ya macho ikafika kwanza. Ilianza pembeni ikaja katikati, kama pazia linalovutwa na mtu asiye na haraka. Wifi akabaki na mwanga na kivuli. Akaukunja mfarishi wake, akautia kwenye sanduku la bati, akamkabidhi Mama Punguza ufunguo.

"Sitaki kushona kitu kibovu, halafu watu waje wakisifie kwa huruma," alisema.

Tangu hapo mikono yake ilikaa mapajani, viganja juu, kama vitu vilivyosahauliwa na abiria. Alikula kidogo, akaongea kidogo. Nyumba ikawa kama duka lililofungwa mchana. Mama Punguza si mtu wa machozi. Aliona hasara, na hasara haipendi.

*

Safari ya kwanza haikuwa safari ya kutazama chochote. Alikwenda mji mwingine kuchukua magunia, mwenye stoo akachelewa, jua likawa kali. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na jengo kubwa lenye milango wazi, na ndani yake ukatoka ubaridi kama wa mtungi. Kiingilio hakikuwepo, jambo lililomfanya aingie na lililomfanya ashuku.

Ndani palikuwa na kimya cha mahali penye nguo nyingi, kwa maana kitambaa hunywa sauti. Viatu vyake viliacha kulia. Kutoka darini ilining'inia mifarishi, imefungwa kwa nyaya nyembamba zisizoonekana, na upepo kutoka madirisha ya juu ukaitikisa kidogo, yote kwa pamoja, kama ukumbi mzima umelala na unapumua. Mama Punguza alipita katikati yake. Mfarishi mmoja ulikuwa wa nguo za mafundi gereji, bluu juu ya bluu. Mwingine ulikuwa na duara ndani ya duara, na ukiutazama kwa mbali ulizunguka kama maji yaliyoangukiwa na jiwe, ukiukaribia ukatulia. Aliukaribia, akarudi nyuma, akaukaribia tena. Kwa muda hakukumbuka mlango uko wapi, wala kwamba alikuwa akiutafuta.

Kisha akajikuta mbele ya mama mmoja mnene aliyekaa kitini, na mazoea yakamshika.

"Huu wako?" aliuliza, akionyesha ule wa duara.

"Wangu."

"Rangi zimegombana. Na hapa kwenye mzunguko wa ndani ulipungukiwa na kitambaa, ukaunga kingine. Haya, unaniachia ngapi?"

"Hauuzwi, mama."

"Kila kitu kinauzwa. Mwisho wako?"

"Mama, mfarishi huu umeletwa uangaliwe tu."

Mama Punguza alimtazama yule mama, akautazama mfarishi. Kitu kimeshonwa, kimesafirishwa, kimetundikwa, kimewashiwa taa, ili kiangaliwe tu. Maisha yake yote hakuwahi kukutana na ufujaji mkubwa kiasi hicho, na alipokuwa akitoka, kwa sababu asiyoielewa, aligeuka kuutazama tena.

Jioni, kibarazani, akamsimulia wifi yake kama mtu anayesimulia ajali.

"Wameitundika mifarishi juu kama nguo za kufua. Kuna mmoja wa nguo za gereji. Mvivu yule! Hakuitoa mifuko vizuri. Palipokuwa na mfuko pamebaki bluu ya giza, pengine pote pamepauka."

Mkono mmoja wa wifi ukageuka pajani.

"Ngoja. Giza lenyewe la umbo gani?"

"La mfuko, wifi, la nini tena?"

"Kwa hiyo ni kama madirisha."

"Kama madirisha ya nyumba ambayo taa zimezimwa. Ukitaka."

"Yamepangwa?"

"Yangepangwa vipi na mtu mvivu? Moja liko juu, moja limelala ubavu, moja limekatwa nusu na mshono."

Wifi alifumba macho ambayo tayari hayakuwa na kazi. Akakaa hivyo muda, uso umeinuliwa kidogo, kama anayesikiliza mtu anayekuja kwa mbali.

"Nauona," alisema. "Huo mfarishi ni mtaa. Endelea. Una nini kingine kibovu?"

Usiku ule alikula sahani nzima. Mama Punguza aliitazama ile sahani tupu kama anavyotazama gunia zuri: bila kuonyesha chochote usoni, na akili ikipiga hesabu.

*

Basi akawa msafiri. Akisikia kuna maonyesho ya mifarishi, ya vitambaa vya kutarizi, ya mikeka ya ukutani, popote treni au basi linapofika, alifunga kibanda na kwenda. Alikaa dirishani na mkoba mapajani, akiitazama nchi ikipita, na akirudi alisinzia, na usingizini vitambaa vilimfuata: vilitambaa dirishani, vikamfunika abiria wa mbele bila mwenyewe kujua, na yeye akitembea juu yake bila viatu, akikanyaga mishono, akijua kwa nyayo ipi imekazwa na ipi imelegea. Akiamka alikuwa amepitwa na kituo, au karibu.

Sokoni walimcheka.

"Mama Punguza kapata mchumba huko."

"Mchumba wapi! Anakwenda kutazama mablanketi."

"Ananunua?"

"Hanunui."

"Hanunui? Basi mpelekeni hospitali mapema."

"Chekeni," alisema yeye, akikunja vipande. "Mkimaliza mniambie nani anataka hii satini, maana naiona bei yake inapanda."

Binti yake, mwalimu, alijaribu kumpunguzia safari. Alitafuta picha kwenye simu akamsomea shangazi yake maelezo kwa sauti nzuri ya darasani: rangi zenye mvuto, ubunifu wa hali ya juu, kazi iliyotukuka. Shangazi akasinzia katikati ya kazi iliyotukuka.

"Mwanangu, usikasirike," alisema alipoamshwa. "Ukiniambia kitu ni kizuri, sioni kitu. Uzuri unateleza. Mama yako ananiambia palipoharibika, nami napashika hapo, nauvuta wote."

Hivyo ndivyo walivyoishi. Mama Punguza akaleta nyumbani mfarishi wa tai za wanaume, ambamo tai moja ilikuwa na doa la mchuzi na mshonaji amelificha nusu tu. Akaleta zulia la ukutani ambalo mfumaji aliishiwa uzi mwekundu, jua lake likamalizikia rangi ya matofali. Akaleta tarizi la ndege lenye ndege mmoja mwenye mguu mmoja, na wifi alicheka juu ya ndege huyo hadi akashika mbavu. Kibaraza kilijaa. Ukuta wa jirani, ambao haukuwa na lolote zaidi ya ufa, ulitundikwa kila jioni kitu kipya.

Lakini sanduku la bati lilibaki limefungwa. Kila mara Mama Punguza alipogusia, wifi alisema, "Kutazama nimetosheka. Kushona ni kwa wenye macho." Na mwenzake akangoja, kama anavyongoja mwenye duka abaki peke yake kabla hajamtajia bei.

*

Mfarishi mweupe aliukuta mwisho wa ukumbi mrefu, umetundikwa peke yake ukutani karibu na dirisha.

Haukuwa na viraka. Kitambaa kimoja cheupe, uzi mweupe, na picha zote zilizokuwemo zilichorwa kwa bandi tu, pamba ikivimba hapa na kubonyea pale. Ukisimama mbele yake palepale ulikuwa ukuta mtupu. Ukisogea hatua moja, kivuli kiliingia kwenye mabonde ya mshono na majani yakatokea, mawimbi yakatokea, manyoya ya ndege asiyekuwepo yakajipanga moja nyuma ya jingine. Wingu likipita dirishani vyote vilizama. Jua likirudi vyote vilipanda tena, lakini si palepale, au yeye ndiye hakuwa palepale.

Mama Punguza alianza kazi. Alitafuta bandi kubwa, hakuiona. Alitafuta mahali pamba ilipokusanyika, pembe isiyo pembe, uzi uliokatwa. Aliinamisha kichwa upande, akachuchumaa, akautazama kutoka chini. Kitu kilimshika, si furaha, zaidi hofu, ile ya mtu aliyezamisha mkono kwenye gunia na hafiki chini. Alitaka kuugeuza. Mkono ulimwinuka wenyewe.

"Mama, hairuhusiwi kugusa," ikasema sauti nyuma yake. Ilikuwa ya dada mmoja wa ukumbini, kijana bado, mwenye glavu nyeupe.

"Sikuugusa."

"Ulikuwa njiani."

Alipotoka nje, kivuli cha jengo kilikuwa kimehamia upande wa pili wa barabara, na treni aliyokusudia kupanda ilikuwa imekwenda zake.

Kibarazani wifi alikuwa amekwisha kukaa, uso umeinuliwa.

"Niambie."

"Mweupe."

"Mweupe na nini?"

"Mweupe na mweupe."

"Ehe. Ubovu wake?"

Mama Punguza alikohoa. "Pindo limepinda kidogo."

"Wapi?"

"Juu."

"Juu kushoto au juu kulia?"

"Katikati."

"Wifi!" Sauti ilikuwa ya zile siku za kutopatana. "Tangu lini unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa?"

Ajabu yenyewe ni kwamba uongo ulikuwa ndio mtaji wa mama huyu. Aliwaongopea wenye viwanda, madereva, na mara moja askari wa zamu, bila kope kucheza. Hapa ulimkwama kama mwiba wa samaki.

"Hauna kasoro," alisema. "Nimeutafuta mchana kutwa. Hauna."

Ukuta wa jirani jioni hiyo ulibaki ukuta, na ufa wake.

"Kumbe yupo mtu anayeweza," alisema wifi hatimaye, taratibu, bila uchungu, na hilo ndilo lililomtisha mwenzake. "Vizuri. Sasa fungua sanduku. Ule wangu uufumue, uuze vipande. Pamba mpe fundi wa mito akija mwisho wa wiki kuchukua mabaki."

"Siuzi."

"Wewe? Huuzi? Tangu lini?"

"Tangu sasa hivi."

"Ufunguo ni wako, mfarishi ni wangu. Usipoufumua wewe, fundi wa mito ataufumua yeye, tena kwa kisu."

Na mikono yake ikarudi mapajani, viganja juu. Mama Punguza aliitazama ile mikono. Alijua, kama anavyojua pamba na nailoni, kwamba ule mfarishi ukishafumuliwa wataendelea kukaa pale kibarazani, yeye akisimulia na wifi akiitikia kwa adabu, na hakuna atakayeona kitu.

"Tufanye biashara," alisema.

"Sina cha kukuuzia."

"Nipe safari moja. Twende wote wawili kabla fundi wa mito hajaja. Ukiukosa ubovu wa ule mweupe, nitaufumua wako kwa mkono wangu, mshono kwa mshono, na pamba nitampa bure."

"Wewe utampa mtu kitu bure?"

"Bure."

Wifi aligeuza uso kumwelekea, kidogo upande, kama wanavyogeuka wasioona. "Na nitauonaje?"

"Hilo niachie mimi."

*

Kesho yake walipanda treni ya asubuhi. Wifi alikaa dirishani kwa sababu alitaka jua la usoni, na njia nzima mwanga na kivuli vilimpita juu ya kope, vikimpita na kumpita, hata akasema, nusu usingizini, "Wifi, mbona kama tumelala chini ya kitu kinachovutwa?" Mama Punguza alikuwa akipanga atakavyoanza.

Ukumbini palikuwa na watu wachache. Dada wa glavu alimtambua.

"Mama wa mkono umerudi."

"Nimerudi, mwanangu. Na huyu ni wifi yangu, mshonaji. Haoni. Naomba uushushe ule mweupe tuutandike chini, aupapase wote."

"Uushushe!" Dada alitazama huku na huku. "Mama, haiwezekani kabisa."

"Basi usiushushe. Ugeuze tu, akae nyuma yake."

"Hata kuugeuza hairuhusiwi."

"Wifi, twende zetu," alinong'ona wifi, akimvuta kiwiko. "Unanitia aibu."

"Wewe tulia, aibu ni yangu, nimeizoea. Haya mwanangu, umekaza, mimi nimelegeza. Sikuambii ushushe, sikuambii ugeuze. Pembe moja. Ya chini. Kwa nyuma, ambako hata mwenye maonyesho mwenyewe hatapata kupatazama."

Dada alicheka kabla hajajizuia. "Mama, wewe umeanzia mbali makusudi."

"Mimi nimeanzia pangu. Wewe ndiye uliyenishusha mpaka hapa, na sasa unataka kuniacha njiani?"

"Mafuta ya mikono yanaharibu kitambaa. Ndiyo maana hii glavu."

"Atanawa."

"Na avae glavu."

"Glavu? Macho yake yako kwenye vidole. Ukimvisha glavu umemfumba tena."

Dada alimtazama wifi, ambaye alikuwa amesimama amejinyoosha, uso umewaka kwa haya, na mikono miwili ameikumbatia kifuani kama mtu anayeificha.

"Kidole kimoja," alisema dada.

"Mkono."

"Vidole viwili, na mimi ndiye nitakayeshika pembe."

"Vitatu na gumba. Hujawahi kushona, mwanangu? Bila gumba hakuna kitu."

"Vitatu na gumba," alisema dada, akipumua. "Na usimwambie mtu."

Wifi alinawa, akakausha mikono hadi ikakauka, akaipepea ili ikauke zaidi. Walikwenda hadi mwisho wa ukumbi. Dada wa glavu aliinama, akapita pembe ya kulia iliyokuwa karibu naye, akaenda hadi ya kushoto, akaiinua pale. Hakuna aliyemwambia iwe hiyo.

"Hapa, bibi."

Vidole vitatu na gumba viliingia nyuma ya mfarishi mweupe. Kwanza vilisimama. Kisha vikaanza kutembea, polepole, vikipanda na kushuka, na Mama Punguza, aliyekuwa akivitazama kwa upande, aliona kitu ambacho macho yake hayakuwa yameona mchana kutwa: yale majani, yale mawimbi, yakimpita wifi usoni. Nyusi zilipanda palipopanda. Mdomo ulifumbuka palipobonyea. Wingu lilipita dirishani, mfarishi ukawa ukuta, na usoni mwa wifi hakuna kilichozima.

"Bandi safi," alinong'ona. "Safi. Mama yangu, huyu mtu alikuwa na mkono."

Mama Punguza alikuwa ameanza kufikiria mkasi upo droo gani.

"Safi," wifi alisema tena, na vidole vikaendelea, hadi karibu na pindo. Hapo vikasimama. Vikarudi. Vikasimama tena palepale.

"Fundo," alisema.

"Fundo?" Mama Punguza aliinama ghafla hata dada akatikisika.

"Uzi ulimkatikia. Ameufunga fundo, amelificha kwenye bitana lakini lipo. Na baada ya hapo... ngoja... baada ya hapo, huku nyuma, bandi zimekuwa kubwa. Moja, nyingine, nyingine. Hii imekwenda pembeni kabisa. Hapa hakuwa anaona."

"Unajuaje?"

"Taa ilizimika, au alichoka, au macho. Sijui. Mkono uko uleule, lakini unapapasa. Ona hii." Kisha, baada ya kitambo, "Halafu hapa zinarudi ndogo. Akaendelea. Hakufumua."

"Lipo hilo," alisema dada wa glavu kwa sauti ya chini. "Mimi ndiye niliyeutundika. Nililiona fundo hilo siku ya kwanza. Kila nikifungua ukumbi nalitazama kabla ya watu kuja."

"Na hukuniambia!" alisema Mama Punguza.

"Hukuuliza, mama. Wewe ulikuwa unataka kugusa."

Pembe ilirudishwa ukutani. Wifi alibaki amesimama, vidole bado viko hewani kidogo, vikisuguana, kama vimeondoka na uzi wa mtu.

*

Kwenye treni ya kurudi walikaa kimya hadi vituo vingi vikapita. Mama Punguza alijua kunyamaza baada ya bei kutajwa; anayesema kwanza ndiye anayelipa.

"Ule uzi wangu wa bluu," alisema wifi, "upo?"

"Panya hawajaula."

"Na kastabini yangu?" Kile kikofia cha chuma cha kidole.

"Ipo ndani ya sanduku."

"Sharti moja."

"Sema, tuone kama linapunguzika."

"Kila nikishona uniambie. Palipopinda, useme pamepinda. Usininyamazie, usinionee huruma hata siku moja."

"Nimewahi?"

"Jana kibarazani. Pindo limepinda katikati."

"Hiyo ilikuwa njaa," alisema Mama Punguza.

Kesho yake, jua likiwa bado upande wa kibaraza, alifungua sanduku la bati. Mfarishi ulitoka na harufu ya karafuu na ya bati, ukatandikwa magotini mwa wifi, ukamwagika hadi sakafuni: mashati ya marehemu, magauni ya binti enzi za shule, na vipande vya magunia, ambavyo Mama Punguza alivitambua kimoja kimoja na kwa mara ya kwanza hakuvidai. Fundi wa mito alikuja kuchukua mabaki yake akakuta mlango wazi na hakuna anayemsikiliza. Akaondoka na gunia la vumbi la pamba, akilalamika.

Mama Punguza alitia uzi kwenye sindano, akiulaumu kwamba ni mwembamba na aliyeuuza ni mwizi, akaiweka sindano kwenye vidole vya wifi. Vidole vikatafuta pindo, vikapima, vikangoja. Sindano ikaingia, ikatoka. Ikaingia tena.

"Haya," alisema wifi, hajainua uso. "Niambie."

Mama Punguza aliinama, akautazama ule mshono kama anavyotazama mali ya mtu anayetaka kumuuzia.

"Ya kwanza kubwa. Ya pili imekwenda pembeni."

"Pembeni upande gani?"

"Kushoto. Kama mtu anayekwepa dimbwi."

Wifi alifumba macho, uso umeinuliwa kuelekea ukuta wa jirani, na gumba lake likapita juu ya zile bandi mbili.

"Naziona," alisema. "Ziache." Na sindano ikaingia ya tatu.